Jirani Ambaye Nyumba Yake Ilikuwa Inakarabatiwa

Yasini mwanangu,

Familia ya marehemu baba yako, ya hapa Makanyagio, inasikitika kutangaza kutoweka kwa rimoti ya televisheni kulikotokea leo mchana, muda mfupi baada ya chakula. Habari ziwafikie Shangazi yako Tausi, aliyepiga magoti mbele ya kochi. Watoto wa jirani walioko dirishani. Na wote walioifahamu rimoti hiyo, hasa wale waliokuwa wakiikalia. Msako unaendelea. Hakuna chai itakayochemshwa mpaka ipatikane.

Usishtuke. Iko hapa, chini ya karatasi hii. Nimeificha mimi. Kitufe cha kuwashia kwenye televisheni yenyewe kilishakufa siku nyingi, kwa hiyo bila rimoti nyumba hii inanyamaza, na mimi nilihitaji inyamaze jioni moja nikuandikie. Kuongea na wewe ana kwa ana nimeshajaribu. Naanzaga vizuri, halafu najikuta namsema muuza mkaa.

Wewe umekwenda Kasokola kuaga. Nawajua rafiki zako: watakulisha viazi vya kuchemsha, watakusindikiza mpaka nusu ya njia, halafu mtarudi wote mlikotoka kumalizia maongezi. Nina muda mpaka magharibi. Kesho alfajiri utapanda basi la Mbeya kwenda kusomea kutengeneza majokofu. Yaani unatoka kwenye kipupwe cha Mpanda, ambako asubuhi tunaota moto kama wachunga ng'ombe, unakwenda penye baridi kuliko hapa, ukajifunze namna ya kuiongeza. Uliponiambia sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni.

Sitakuandikia juu ya mswaki, wala swala kwa wakati, wala kuangalia mizigo stendi. Hayo umeshaambiwa. Tangu ijulikane kwamba unasafiri, hakuna mtu aliyepita mlangoni kwetu bila kukuachia nasaha, kana kwamba tumeweka ndoo ya kuzikusanyia. Muuza mkaa kakuambia uchague marafiki. Rafiki zake yeye ndio walioondoka na baiskeli yake. Mzee wa duka la pembeni kakuambia usipende vya haraka, huku anatafuna chapati ambayo haijaiva. Na Shangazi yako kakuita mbele za watu, akakohoa, akakukabidhi kwa mikono miwili ile tochi ndogo ya marehemu baba yako, "ikuangazie njia." Watu wakafuta machozi. Haikuwa na betri.

Mimi nitakuandikia juu ya karanga.

Kipupwe cha nyumba hii hakianzi na upepo. Upepo unaweza kuvuma wiki nzima, vumbi likaingia mpaka kwenye chumvi, nyasi zikachomwa huko pembeni na majivu yakaja kutua kwenye nguo nilizofua, bado si kipupwe. Kipupwe kinaanza siku Shangazi anaposhuka kwenye lori kutoka Litapunga, amekaa mbele na dereva kama mke wa mkuu wa wilaya, magunia ya karanga na mahindi nyuma, kuku mmoja mkononi. Kuku huyo ni zawadi yetu. Anaitangaza tangu barabarani. Kesho yake anauliza, "Wifi, yule kuku mnamngojea apate kitambulisho?" Akishachinjwa, paja ni lake, kidari ni chake, firigisi ni yake, maana mgeni ni mgeni. Sijawahi kuonja zawadi ya Shangazi. Nasikia tu sifa zake.

"Mimi wala sili sana," husema, huku anavuta bakuli. Na kweli, akila hasemi.

Basi mengine unayajua. Asubuhi matobolwa, vile viazi tulivyovichemsha na kuvikausha juani, tunavitafuna na karanga mpaka taya zinauma. Mchana ugali wa mahindi mapya na samaki, migebuka. Uani watu wanapiga mahindi kwenye magunia kwa fimbo, kila mtu anapiga kwa hasira zake mwenyewe. Ukisikiliza vizuri unajua nani kagombana na nani. Halafu kande iliyoshinda motoni. Na jioni, karanga na televisheni.

Huo mpango wa jioni ulikuwa wa baba yako, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa biashara hata akiwa usingizini. Aligundua kwamba mtu ukimwambia amenye karanga anaumwa vidole, anakumbuka ana mgonjwa nyumbani, anaondoka. Lakini ukimwekea tamthilia na ungo mapajani, anamaliza gunia asijue. Akafungua sebule kwa mtaa mzima. Kiingilio kilikuwa ni kuja na ungo wako. Majirani walijaa mpaka kwenye korido, wakamenya karanga zetu kipupwe kizima, wakaondoka wakishukuru. Hakuna aliyewahi kuuliza nani anamsaidia nani. Nikiwaangalia nilikuwa naona aibu badala yao, halafu naongeza karanga kwenye nyungo zao.

Ila walikuwa na tabia. Kwenye sehemu za huzuni walikula. Baba yako alizichukia sana sehemu za huzuni. Kwenye ugomvi walimenya kwa kasi, maganda yanaruka, mkono hauonekani. "Hakuna ya kupigana?" alikuwa akimuuliza yule kijana wa duka la kujazia tamthilia kwenye flashi. "Nipe ya kupigana. Hii ya kulia imenila debe."

Tamthilia zenyewe wewe ndiye uliyezibeba mgongoni. Zilikuwa za nchi ya mbali ambayo Shangazi aliamua kuwa ni Uchina, na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo. Zilikuwepo zilizotafsiriwa na madijei, lakini Shangazi alizikataa: "Mtu anakata roho, yeye anataja namba yake ya simu." Kazi ikaangukia kwako. Ulikuwa kidato cha kwanza, ndiyo kwanza umepata Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Ukakaa kwenye kigoda karibu na kioo, ukaanza kusema. Na hukuacha pengo hata moja. Nilijua pale pale kwamba sehemu kubwa unaitunga.

Sikuzipenda zile tamthilia na mpaka leo sizipendi. Watu wale sijawahi kuwaona wakimeza. Meza inajazwa vyakula, mtu ananyanyua kijiko, simu inaita, wote wanasimama wanaondoka. Chakula kile kinakwenda wapi? Hakuna anayefua. Hakuna anayetafuta chenji. Mtu analala na viatu, anaamka nywele zimechanwa. Na mtaa mzima unamlilia huyo, wakati mwenzao wa kweli, yule wa nyumba ya pili, alikuwa anaumwa na hakuna aliyempelekea hata uji.

Sasa nifike kwenye ile jioni.

Nilikuwa nimeletwa kutoka Inyonga karibuni tu, nimeolewa na baba yako. Ulikuwa unaniita Mamdogo na kuniangalia mabegani, kama mtu anayesoma bango. Nilikuwa sina shoga hapa mjini, na wifi yangu alikuwa ameshaniuliza mara kadhaa kama Wakonongo tunakulaga kitu gani zaidi ya asali. Wakaanza tamthilia mpya. Mwanamume kafiwa na mke, ana binti, kaoa mke mwingine. Huyo mke mwingine akachukua supu ya yule binti akaimwaga kwenye sinki. Ukatafsiri kama ilivyo: "Mama wa kambo anasema, nyumbani kwangu huli."

Ule mlio wa maganda ukakatika. Vichwa vikageuka vyote, si kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai.

"Kambo ni kambo tu," Shangazi akasema. "Hata Uchina."

Wakacheka. Baba yako naye alicheka, kile kicheko cha mtu anayetaka kila mtu aondoke salama. Nikamimina chai. Niliwamiminia wote, Shangazi nikamjazia mpaka ukingoni ili ikimuunguza nisiwe na kosa. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeangalia kioo, masikio yamekusimama.

Kesho yake yule mwanamke akatokea tena, na wewe ukasema: "Jirani anasema, vyombo havijaoshwa."

"Jirani gani?" Shangazi akauliza. "Jana si ulisema kambo?"

"Jana nilikosea, Shangazi. Maandishi yanapita haraka."

"Mbona ana funguo?"

"Aliachiwa atunze."

Wakakubali. Jioni nyingine jirani akaonekana chumbani kwa baba mtu, kavaa gauni la kulalia, anapaka mafuta miguuni.

"We Yasini! Huyu jirani huko chumbani anafanya nini?"

Ukasogeza kigoda karibu na kioo. "Nyumba yake inakarabatiwa."

"Tangu juzi?"

"Fundi kasafiri."

Yasini, mle ndani walikuwa watu wazima. Watu wa ndoa, watu waliokwenda Hija ya kusimuliwa na ya kweli, watu wanaotatua kesi za wenzao. Mama Neema, yule wa vitumbua, akasema, "Mafundi ndivyo walivyo. Wa kwangu kaniachia ukuta nusu." Mwingine akasema wa kwake kaondoka na ngazi. Basi ikawa habari ya mafundi mpaka mwisho, na karanga zikamenywa kwa hasira kubwa kuliko ya tamthilia yoyote. Baba yako alifurahi. Alikuomba kesho yake umrudishe huyo fundi.

Kipupwe kile chote jirani aliishi pale. Aliposhika mimba ulikohoa sana.

"Mbona tumbo?" Shangazi akauliza.

"Ana bandama."

"Uchina kuna malaria?"

"Ipo."

Mtoto alipozaliwa, Shangazi aliweka ungo chini. "Haya," akasema, "bandama limezaliwa, linalia." Watu wakacheka mpaka karanga zikamwagika, na kesho yake wakarudi na nyungo zao kama kawaida. Sijui kama alijua. Sidhani. Shangazi akijua kitu hawezi kukitunza, kinamwasha.

Lakini mimi nilijua, na sikuwahi kukuambia. Hapo ndipo ninapopataka.

Wewe ulidhani sijui kusoma Kiingereza. Kila mtu alidhani hivyo na mimi sikuwa na sababu ya kuwasumbua. Nimeishia darasa la saba, kweli. Lakini hii ni nyumba ya duka, na nyumba ya duka karatasi zinaingia kwa kilo. Unakumbuka baba yako alivyokuwa akisoma magazeti ya kufungia sukari? Alisoma kila kipande kana kwamba ni cha asubuhi hiyo. Alishangilia magoli ya misimu iliyokwisha. Aliwahi kukosa usingizi kwa mvua kubwa iliyotabiriwa, mpaka nikamwonyesha kwamba gazeti lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Mimi nilichukua vile vipande vya Kiingereza ambavyo yeye alivipita. Nilisoma mifuko ya mbolea, makopo ya rangi, karatasi za dawa. Na wewe ukiwa shule, nilikuwa natoa kamusi yako chini ya mto, natafuta maneno, nairudisha vile vile ilivyolala.

Neno la kwanza kabisa nililotafuta lilikuwa la mama wa kambo. Mtu anapenda kujua huko duniani anaitwaje.

Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nasimama mlangoni na birika, nalisoma neno langu chini ya kioo, jeupe, limekaa pale kwa raha zake, na wewe unasema jirani.

Unadhani nilishukuru? Nilikasirika. Nilisema moyoni, nani kamwambia huyu kwamba mimi natetewa na mtoto wa kidato cha kwanza? Halafu nikatafuta sababu mbaya zaidi, maana sababu mbaya huwa nazipata haraka. Nikasema anaona aibu. Hataki watu wakumbuke kwamba ana mama wa kambo nyumbani, ananifuta. Nikakuhesabia hilo muda mrefu. Nimezoea kudharau watu, Yasini, unanijua, na mara nyingi nimekuwa sahihi, ndiyo maana sikuacha. Ukipatia kuhusu muuza mkaa na Mama Neema na mafundi wa mji mzima, unajiona huwezi kukosea kuhusu mtoto aliyekaa kwenye kigoda.

Na kosa lingine ni hili. Nilipoolewa niliapa sitakuwa yule wa kwenye hadithi. Basi sikutaka kuwa mbaya, na kuwa mwema sikujua pa kuanzia, nikaamua kuwa sahihi. Nyama nilizigawa kwa macho ya mizani. Mchuzi kwa upawa, usizidi, usipungue. Hakuna mtu Makanyagio angeweza kunishika kosa. Wewe ulikuwa unapenda ukoko wa kande, ule wa chini ya sufuria, nilikuona unavyoukodolea. Nikawa naukwangua, naugawa sawa kwa sawa kwa watu wote, hata kwa baba yako ambaye hakuwa na meno ya kuutafuna. Alikuwa akiuficha mfukoni. Wewe ulikula fungu lako dogo la haki, ukasema asante Mamdogo. Mtu akikutendea haki muda wote bila kukosea hata siku moja, mchunguze huyo. Anakuogopa.

Baba yako akafariki. Kipupwe kilichofuata majirani hawakuja, walisema wanatupa nafasi ya msiba. Hawakuwa wanatupa nafasi, kulikuwa hakuna chai. Shangazi alichelewa Litapunga kwa sababu ya magunia yake. Tukabaki wewe na mimi, sebule nzima, gunia la karanga katikati yetu, na ile flashi ya zamani ambayo hatukuwahi kuimalizia. Ulikuwa mkubwa sasa, sauti imeshuka. Sikukuomba utafsiri. Ulianza mwenyewe.

Yule mwanamke akatokea. Neno langu likatokea chini yake. Mle ndani hapakuwa na Shangazi, hapakuwa na Mama Neema, hapakuwa na mtu wa kugeuza kichwa kuniangalia. Hapakuwa na aibu ya kuficha mbele ya mtu yeyote. Na wewe ukasema, polepole, hukuniangalia: "Jirani anasema, leo kuna baridi, mtoto avae soksi."

Hakusema hivyo. Nilisoma. Alisema atampeleka yule binti shule ya bweni ili asimwone.

Nikamenya karanga kadhaa. Nikasema, "Nyumba yake bado haijaisha?"

Ukasema, "Bado bati."

Tukaendelea. Hayo ndiyo maongezi marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, wewe na mimi, kwa hesabu zangu. Jioni ile kande ilipopakuliwa nilikupa ukoko wote. Uliutazama, ukanitazama, ukafikiri nimekosea. Nilikuambia kula kabla haujapoa, kwa sauti ya ukali, kwa sababu sauti nyingine sikuwa nayo karibu.

Baadaye ukanunua dishi kwa kazi za likizo, tamthilia zikaja zinaongea Kiswahili zenyewe, ukapumzika. Huko kambo wanaitwa kambo, kwa sauti ya kina dada wa mjini, kila jioni. Shangazi anageuka kuniangalia mpaka leo. Mimi namwangalia vile vile mpaka anarudi kwenye ungo wake.

Sasa nifike kwenye jana.

Tulikuwa tunamenya, wewe unafunga begi chumbani, mlango wazi. Shangazi akasema, bila kupunguza sauti, maana sauti ndogo hakupewa: "Huyu akienda ndiyo kaenda. Atarudi kwa nani? Mama yake kaburini, baba yake kaburini. Wifi naye ni mtu wa kuja tu. Chumba hiki kitatufaa kwa magunia." Na alikuwa ameshakipima asubuhi, kwa hatua, akijifanya anatafuta ufagio.

Ukaja mpaka mlangoni na shati mkononi. Hukumtazama Shangazi. Ulinitazama mimi, kama sebule ilivyokuwa ikikutazama wewe zamani, maandishi yanapita chini na watu wanangoja waambiwe yamesema nini.

Na mimi nikapeta. Nikapeta karanga zilizokwisha kupetwa. Ukangoja kidogo, ukarudi kukunja shati lako.

Nitakuambia nilikuwa wapi. Nilikuwa natafuta neno la kumkata nalo Shangazi. Nilikuwa nayo mengi, makali, mazuri, mengine nilikuwa nimeyaweka akiba tangu kuku wa kwanza. Nikawa nayachagua. Katika yote yale hapakuwa na hata moja la kukupa wewe, na wewe ndiye uliyekuwa umesimama mlangoni. Ukiwa na ulimi kama wangu, na wewe unao, umeujifunza hapa hapa, kumbuka hicho tu: unaweza kumshinda mtu kwa maneno na kumbe mwingine alikuwa anangoja, na akaondoka.

Sasa sikiliza. Nimechelewa, lakini hata wewe maandishi yalikuwa yakikupita. Alichosema Shangazi jana, kwa tafsiri yangu, ni hiki:

Kile chumba ni cha Yasini. Gunia litakaloingia mle litatoka na aliyeliingiza. Ungo wake, ule uliopasuka ukingo, utakaa ukutani, na mgeni akiuchukua atamenyea sakafuni. Kipupwe kijacho akichelewa, karanga tutaanza bila yeye, na atakuta maganda afagie. Ukoko ni wake, hata akija jirani. Na kama anauliza anarudi kwa nani, anarudi kwa Mamdogo wake, yule wa Inyonga, mwenye mdomo.

Ndivyo alivyosema. Kama wewe ulisikia vingine, maneno yalipita haraka.

Na usije ukanipigia simu kutoka Mbeya ukaanza kuniita mama kwa sauti ya kulia. Kwenye tamthilia wakifika hapo mvua inanyesha, watu wanakimbiliana bila viatu, na mimi nimeanika karanga uani. Mamdogo inatosha. Jirani pia inatosha. Nyumba yangu bado bati.

Shangazi kaingia humu sasa hivi, vumbi kichwani.

"Wifi, kweli hujaiona? Ya saa moja inaanza!"

"Sijaiona, wifi."

"Unaandika nini muda wote huo?"

"Orodha ya walioikalia."

Kaondoka anasonya. Kochi kashalipindua mara mbili, sasa nasikia anaburuta kabati. Umri ule, na goti lile. Kama angeweka nguvu hizo kwenye kuosha sufuria tungekuwa matajiri.

Nakusikia na wewe getini, unaagana na wale wale uliokwenda kuwaaga. Nakunja karatasi hii naiweka kwenye begi, katikati ya sweta. Rimoti naichomeka pale pale anapokaaga Shangazi yako siku zote, aipate kwa makalio. Atashangilia, ataita watoto wa dirishani, atalivuta kochi mbele, ataibonyeza rimoti. Ataipiga piga kwenye kiganja. Ataniita.

Haina betri. Ziko kwenye tochi yako.